Jinsi ya kuivunja namba ya tarakimu 20 kwa kalamu na daftari

Kila muhula vijana ninaowafundisha jioni hapa Kirumba huniletea swali lile lile kwa maneno tofauti. "Mwalimu, simu imeandika E kumi na tisa, nimekosea wapi?" "Mwalimu, namba ndefu namna hii nitajuaje inagawanyika kwa ngapi?" "Nigawe kwa 2, kwa 3, kwa 5, mpaka lini?" Nimejibu ubaoni mara nyingi mno. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, uyafuate ukiwa nyumbani kwa mwendo wako.

Namba tutakayoivunja inatoka kwenye bao. Bao la kete lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane. Weka punje moja ya mchele shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, nane la nne, uende ukiongeza maradufu. Bao likijaa utakuwa na punje 4,294,967,295. Azima bao la pili kwa jirani, liunganishe na la kwanza, endelea hadi shimo la 64. Jumla yake ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Tuseme kilo moja ya mchele ina punje 50,000. Bao la kwanza peke yake ni karibu tani 86, yaani magunia zaidi ya 850 ya kilo mia. Mabao yote mawili, ukiumwaga mchele huo juu ya Ziwa Victoria lote, kilomita za mraba 68,800, toka Mwanza hadi Entebbe na Kisumu, ungelifunika kwa kimo cha meta sita na zaidi. Huwa nawaambia vijana hivyo kwanza ili waiheshimu namba kabla ya kuishika.

Jumla ya mashimo yote huwa pungufu kwa 1 ya kile ambacho shimo linalofuata lingebeba. Jaribu na mashimo matatu: 1 + 2 + 4 = 7, na shimo la nne lina 8. Kwa hiyo namba yetu ni 2⁶⁴ − 1. Likumbuke umbo hilo, ndilo litakalotufungulia mlango.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daftari la hesabu lenye miraba, tarakimu moja kwa kila mraba. Usitumie karatasi isiyo na mistari. Nusu ya makosa ninayosahihisha hutokana na tarakimu zilizohama safu.

Penseli na ufutio.

Kikokotozi chenye nafasi ya tarakimu 10. Cha simu kinatosha, kwa sharti moja: usikipe kamwe kazi ambayo jibu lake litazidi tarakimu 10.

Orodha ya namba tasa hadi 50, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47.

Kanuni moja ya sekondari: a² − b² = (a − b)(a + b).

Na saa mbili za utulivu. Mimi hupendelea alfajiri, kabla jua halijapasha mabati.

Hatua ya 1: Pata tarakimu zote 20

Usinakili namba kutoka kwangu, itengeneze mwenyewe. Anza na 2⁸ = 256. Izidishe kwa yenyewe upate 2¹⁶ = 65,536. Rudia, upate 2³² = 4,294,967,296. Hadi hapo kikokotozi kinaweza. Ukizidisha tena kitashindwa, kwa hiyo ikate namba vipande viwili vya tarakimu tano: 42949 na 67296. Fanya mazao matatu:

42949 × 42949 = 1,844,616,601
42949 × 67296 = 2,890,295,904, mara mbili yake ni 5,780,591,808
67296 × 67296 = 4,528,751,616

Sasa yapange kwenye miraba. Zao la kwanza liongeze sifuri 10 mwishoni, la pili sifuri 5, la tatu liache lilivyo. Jumlisha:

18446166010000000000
+ 578059180800000
+ 4528751616
= 18446744073709551616

Zote zipange kwa kulinganisha mwisho wa kulia, hata kama kwenye skrini yako zinaonekana zimeanzia kushoto. Toa 1, unabaki na namba yetu inayoishia na 615.

*Kosa la kawaida:* kusahau kuliongeza zao la kati mara mbili. Ikiwa jibu lako linaanza na 1844645, hilo ndilo kosa lako.

Hatua ya 2: Ipime kabla ya kugawa

Inaishia na 5, basi inagawanyika kwa 5. Tarakimu mbili za mwisho ni 15, basi haigawanyiki kwa 25, na 5 itatokea mara moja tu. Jumlisha tarakimu zote: unapata 87. Hiyo inagawanyika kwa 3 lakini haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo 3 nayo ni mara moja tu.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima zote kwa pamoja, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1001. Kata namba makundi ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu:

615 − 551 + 709 − 73 + 744 − 446 + 18 = 1016

Igawe 1016 badala ya namba nzima. Kwa 7 baki ni 1, kwa 11 baki ni 4, kwa 13 baki ni 2. Hakuna hata moja inayoingia. Umepima namba ya tarakimu 20 kwa vigawo vitatu kwa mstari mmoja wa hesabu. Andika hiyo 4 ya baki kwa 11 pembeni mwa daftari, tutaihitaji.

Hatua ya 3: Tazama ilikozaliwa

Hapa ndipo wengi hukosea njia. Wanaendelea kugawa kwa 17, 19, 23, 29, ukurasa baada ya ukurasa. Njia hiyo ingekupa vigawo vichache vya mwanzo, kisha ingekuchosha hadi uiache. Kabla ya kuigawa namba kubwa jiulize imetengenezwaje. Hii yetu ni 2⁶⁴ − 1, na 2⁶⁴ ni 2³² iliyozidishwa kwa yenyewe. Tumia kanuni yako:

2⁶⁴ − 1 = (2³² − 1) × (2³² + 1)

Kipande chenye kutoa ni lile bao la kwanza. Nacho kinavunjika vile vile:

2³² − 1 = (2¹⁶ − 1) × (2¹⁶ + 1)
2¹⁶ − 1 = (2⁸ − 1) × (2⁸ + 1)
2⁸ − 1 = (2⁴ − 1) × (2⁴ + 1)
2⁴ − 1 = (2² − 1) × (2² + 1)
2² − 1 = 1 × 3

Kila mara weka kando kipande chenye kujumlisha, endelea na chenye kutoa. Mwishoni una vipande sita mkononi: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Hujagawa chochote bado.

*Onyo:* usijaribu kukivunja kipande chenye kujumlisha kwa kanuni hii. 2³² + 1 si (2¹⁶ + 1)(2¹⁶ + 1). Ukizidisha hayo utapata ziada ya 131,072.

Hatua ya 4: Kagua vipande vidogo

3, 5 na 17 unazijua. Kwa 257, kipeuo chake cha pili ni 16 na kidogo, kwa hiyo jaribu namba tasa hadi 13 tu. Haigawanyiki kwa yoyote, ni tasa.

65,537 ina kipeuo cha pili cha 256 na kidogo. Kwa njia ya kawaida ungejaribu namba tasa 54. Lakini vipande vya umbo hili vina kanuni yao. Mwanahisabati Leonhard Euler aligundua kwamba kigawo tasa cha namba kama 2¹⁶ + 1 hakiwezi kuwa chochote tu: lazima kizidi kwa 1 kigawe cha mara mbili ya kipeo, yaani ile namba ndogo ya juu. Mwaka 1878 Édouard Lucas akaikaza zaidi: zidisha kipeo kwa 4. Kipeo chetu ni 16, mara 4 ni 64, basi vigawo vinavyowezekana ni 65, 129, 193, na kuendelea. Hatuhitaji kupita 256. 65 ni 5 × 13, 129 ni 3 × 43. Inabaki 193 peke yake. 193 × 339 = 65,427, baki 110. Basi 65,537 ni tasa, kwa jaribio moja badala ya 54.

Sithibitishi kanuni hiyo hapa. Uthibitisho wake ni mzuri lakini una siku yake.

Hatua ya 5: Kipande kigumu, 4,294,967,297

Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba namba zote za mfululizo huu, 3, 5, 17, 257, 65,537 na zinazofuata, ni tasa. Tano za kwanza zinamkubali. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba ya sita inavunjika. Nawe sasa utafanya kazi ile ile, ukiwa na penseli.

Kipeo ni 32, mara 4 ni 128. Orodhesha: 129, 257, 385, 513, 641. Ondoa zisizo tasa: 129 inagawanyika kwa 3, 385 kwa 5, 513 kwa 3. Zinabaki 257 na 641. Ukizigawa moja kwa moja itawezekana, lakini jifunze njia ya mabaki, maana itakusaidia hata kwa namba ambazo hakuna kikokotozi kitakachozionyesha. Badala ya kuibeba 2³² nzima, beba baki lake.

Kwa 641:

2⁸ = 256. Ni ndogo kuliko 641, iache.
2¹⁶: 256 × 256 = 65,536. Ndani yake 641 inaingia mara 102, ambazo ni 65,382. Baki 154.
2³²: sasa zidisha hilo baki. 154 × 154 = 23,716. Ndani yake 641 inaingia mara 36, ambazo ni 23,076. Baki 640.

Ongeza ile 1 ya 2³² + 1. 640 + 1 = 641. Baki sifuri.

Jioni moja umeme ulikatika tukiwa katikati ya hesabu hii. Binti wa kidato cha tatu akachukua chaki, akaendelea sakafuni kwa mwanga wa simu ya mwenzake. Alipoandika 640 alinyamaza, akatazama, kisha akaongeza moja taratibu. Wenzake walipiga kelele kama goli limeingia. Nimeifundisha hesabu hii mara nyingi, na mpaka leo hiyo 640 ikitokea nasisimka.

Jaribu 257 kwa njia ile ile uone baki 2. Kisha gawa: 4,294,967,297 ÷ 641 = 6,700,417.

*Kosa la kawaida:* kusoma nukta za kikokotozi kama baki. Ukigawa 65,536 kwa 641 simu huandika 102.24 na kuendelea, na mwanafunzi anaandika "baki 24". Chukua 102 tu, izidishe kwa 641, kisha toa. Baki ni kile kinachobaki baada ya kutoa.

Hatua ya 6: Je, 6,700,417 inavunjika?

Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na kidogo. Kigawo chake chochote tasa ni kigawo cha kipande cha Hatua ya 5 pia, kwa hiyo kanuni ya 128 bado inatawala. Endelea kuorodhesha hadi 2,561 na uondoe zisizo tasa kwa orodha yako. Usikurupuke hapa: 1537 inaonekana tasa lakini ni 29 × 53, na 1921 ni 17 × 113. Ukimaliza zimebaki 257, 641, 769, 1153 na 1409. Mabaki ni 170, 44, 120, 334 na 622, kwa mpangilio huo. Hakuna sifuri. 6,700,417 ni tasa, na kazi ya kuvunja imekwisha:

18,446,744,073,709,551,615 = 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Hatua ya 7: Hakiki

Usirudie kuzidisha yote. Jumlisha tarakimu za kila kigawo mpaka ibaki moja: 3, 5, 8, 5, 2, 8, 7. Zizidishe, kila zao ulipunguze vile vile. Utaishia 6. Namba yetu: 87, kisha 15, kisha 6. Zinakubaliana.

Kipimo hicho hakigundui tarakimu zilizobadilishana nafasi, ukiandika 614 badala ya 641 kitakupitisha. Kwa hiyo pima na 11 pia. Mabaki ya vigawo saba kwa 11 ni 3, 5, 6, 4, 3, 10 na 9. Zao lao kwa 11 linabakiza 4, ile ile uliyoiandika pembeni katika Hatua ya 2.

Hatua ya 8: Soma sifa zake

Sasa namba inaongea. Ina vigawo tasa saba, kila kimoja mara moja tu. Katika kutengeneza kigawo chochote, kila kimoja unakichukua au unakiacha, kwa hiyo vigawo vyote ni 2⁷ = 128, pamoja na 1 na namba yenyewe. Viwili viwili ni jozi 64. Yaani mchele wa mashimo 64 unaweza kuupanga katika mistatili ya aina 64, wala hauwezi kuwa mraba kamili.

Jumla ya vigawo vyote: ongeza 1 kwa kila kigawo tasa kisha zidisha, 4 × 6 × 18 × 258 × 642 × 65,538 × 6,700,418. Ni kama mara 1.703 ya namba yenyewe. Haifiki mara mbili, kwa hiyo vigawo vyake ukiiondoa yenyewe havifikii kuijaza.

Na bao la kwanza, 4,294,967,295, ni zao la 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss alionyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari tu. Kati ya maumbo ya aina hiyo yenye pande witiri, lenye pande nyingi zaidi linalojulikana hadi leo lina pande 4,294,967,295. Bao moja la mchele.

Mambo yakikwama

*Simu inaandika 1.8446744E19.* Hujakosea. Inakuambia "1.8446744 mara kumi kwa kipeo cha 19", na tarakimu za mwisho imezitupa. Usiendelee na namba hiyo. Rudi Hatua ya 1.

*Kompyuta inasema namba inagawanyika kwa 10.* Kijana mmoja aliniletea karatasi iliyochapwa kutoka Excel, namba inaishia na sifuri tano, naye amethibitisha kwa bidii kwamba inagawanyika kwa 2, kwa 4 na kwa 100,000. Excel hubakiza tarakimu 15, nyingine hugeuka sifuri. Namba yetu ni witiri. Ukitaka kompyuta ikuhakikishie, tumia Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo hubeba namba nzima bila kuzikata:

print(3*5*17*257*641*65537*6700417 == 2**64 - 1)

Ikijibu True, umefika.

*Kipimo cha 9, kile cha kujumlisha tarakimu, kinakataa.* Mara nyingi umekosea kujumlisha tarakimu. Zihesabu kwanza: lazima ziwe 20.

*Namba yangu haina umbo lolote.* Jaribu kama iko karibu na namba iliyozidishwa kwa yenyewe. 999,919 haionyeshi chochote mpaka utambue kwamba ni 1000² − 9², basi ni 991 × 1009. Ikikosa hata hilo, na ikiwa ni zao la namba tasa mbili kubwa zilizofichwa makusudi, penseli haitakufikisha. Mwaka 1977 ilitangazwa namba ya tarakimu 129 ya aina hiyo, iitwayo RSA-129; ilivunjwa mwaka 1994 na watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kupitia intaneti.

*Nikiongeza mabao mengine mawili?* Mashimo 128 yanakupa 2¹²⁸ − 1. Kipande kipya ni kimoja tu, 2⁶⁴ + 1, vingine vyote umeshavivunja leo. Kipeo ni 64, mara 4 ni 256, kwa hiyo tafuta katika 257, 513, 769 na kuendelea, kwa njia ya mabaki ya Hatua ya 5. Fortuné Landry alitangaza jibu mwaka 1880, akiwa na umri uliozidi miaka 80. Kigawo cha kwanza kipo kwenye kigawe cha 1,071 cha 256, ukiongeza 1: 274,177. Anza na 256, uizidishe kwa yenyewe hadi ufike 2⁶⁴, ukitunza baki kila mara. Baki la mwisho likiwa 274,176, ongeza moja.